Nimenyamaza kwa Ajili ya Kwaresima, Mama Mkwe Anafungasha Virago

Mshauri wetu mpendwa,

Shikamoo, na pole na kazi ya kusoma machozi ya watu kila wiki. Nisaidie, na ikiwezekana nisaidie kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi wifi yangu anakuja kumchukua mama yake, ambaye ndiye mama mkwe wangu ninayeishi naye, na mama anaondoka kwa sababu yangu, ingawa sijamtukana, sijamnyima chakula, wala sijamfanyia ubaya wowote ninaoujua. Nilichofanya ni kufunga Kwaresima.

Mimi ni msusi, nina saluni yangu ndogo ya viti vitatu na kioo kimoja kirefu kilichopasuka pembeni, na tangu nizaliwe mdomo wangu haujawahi kupoa. Wateja wananiita Redio, na wapo wanaokuja kwangu si kwa kuwa nasuka vizuri kuliko wengine bali kwa kuwa wakikaa kwenye kiti changu hawasikii maumivu ya kuvutwa nywele, wanacheka tu mpaka kichwa kinaisha. Sikatai, naongea. Naongea nikisuka, naongea nikifagia, na nikibaki peke yangu naongea na vitana. Nyumbani ni hivyo hivyo, naanzia getini, natangaza kwamba nimefika, kwamba nimenyeshewa, kwamba jirani ameanika tena nguo zake kwenye kamba yetu, nikimimina chai nasema namimina chai, nikihamisha stuli natangaza kama tangazo la msiba, mpaka mume wangu, ambaye ni fundi wa kuchomelea mageti na anashinda kwenye kelele za chuma, huwa ananiambia kwamba akifika nyumbani ndipo kelele zinapoanza.

Sasa, Jumapili kabla ya Jumatano ya Majivu jumuiya yetu ilikutana, na mwenyekiti akataka kila mtu aseme ataacha nini. Mmoja akasema sukari, mwingine soda, baba mmoja akasema ataacha tamthilia za jioni na mkewe akaguna, na ilipofika zamu yangu, kabla sijasema neno, mwenyekiti akadakia, "Wewe Redio, funga mdomo, tuone kama utafika hata Ijumaa!" Wakacheka wote. Na mimi nikacheka, lakini Mshauri, kilinichoma mpaka ndani, nikajiona kumbe hawa watu miaka yote hii wananiona debe tupu, basi nikasimama nikasema, "Sawa. Nafunga mdomo mpaka Pasaka." Nikajiwekea masharti mwenyewe, kwamba sitatania, sitapiga soga, sitamsema mtu, sitafoka, nitajibu ninachoulizwa na kusema kile cha lazima tu, basi. Na padri naye siku ya Majivu akahubiri kwamba mfungo ni siri yako na Baba yako wa mbinguni, usijitangaze, kwa hiyo nikamwambia mume wangu asithubutu kumwambia mama, nisije nikaonekana najionyesha utakatifu ndani ya nyumba.

Nisiseme uongo, kimya kimenisaidia. Wiki ya kwanza nilidhani nitapasuka, lakini baadaye nikaanza kusikia vitu. Nina mteja mmoja, mwalimu, nimemsuka miaka na miaka na sijawahi kumjua, siku hiyo nikawa nasuka kimya, na yeye taratibu akaanza kuniambia kwamba dada yake alifariki mwaka jana na kwamba kila akija kwangu alitaka kuniambia ila hakupata pa kuingizia neno. Nililia huku nasuka. Nikasema kumbe Mungu anaweza kupita hata saluni kama mtu akimwachia nafasi. Na kwenye jumuiya wamenyoosha mikono, mwenyekiti mwenyewe alinishika mkono mbele ya watu akasema nimemfundisha kitu, na hilo nalo, nisifiche, lilinifurahisha sana.

Tatizo ni nyumbani. Mama mkwe wangu haoni. Presha ya macho ilimla kidogo kidogo mpaka siku moja akawa haoni hata dirisha, ndipo tukamleta kwetu. Kabla ya hapo mimi na yeye hatukuwa na lolote, ni shikamoo mama, marahaba mwanangu, halafu kila mtu anatazama upande wake kama wasafiri wasiojuana. Siku ya kwanza alikaa ukingoni mwa kitanda amenyooka, hataki kula mbele ya watu, hataki kushikwa mkono, hataki kuuliza choo kiko wapi, na mimi sikujua nifanye nini, hofu ikanifungua mdomo nikamwambia, "Mama, ukiendelea kukaa hivyo kuku watakuja kukutagia mapajani." Nilitamani ardhi inimeze. Akacheka, akacheka mpaka akajifuta machozi, akasema, "Basi nitafutie majani makavu, nisije nikavunja mayai." Tangu siku hiyo tukawa hatushikiki. Namtania vilemba vyake kwamba vinatisha watoto, ananitania upishi wangu kwamba chumvi kwetu haijafika, nikipita mbele yake nasema napita bibi harusi usinitegee mguu, nikiweka ndoo chini nasema mama ndoo hiyo hapo, ukiipiga teke usiseme nimekuwekea mtego, na yeye anajibu kwamba anajua mitego yangu yote, alishaolewa kabla yangu. Watu wakitusikia wanadhani tunagombana.

Nilipoanza mfungo, siku ya pili tu akaniuliza, "Redio imeishiwa betri?" Nikamjibu, "Hapana, mama." Akauliza, "Unaumwa?" "Hapana, mama." "Kuna mtu amekukosea?" "Hapana, mama, niko salama." Akabaki ameshika kikombe, chai ikapoa. Siku zilizofuata akajaribu, akatupa utani, mara chumvi, mara jirani na nguo zake, na mimi namjibu kwa heshima tu, ndiyo mama, hapana mama, kama nilivyokuwa namjibu zamani, na yeye akaacha kutupa.

Halafu akaanza kuuliza, "Nani hapo?" Mshauri, mama huyu hajawahi kuniuliza hivyo tangu aje kwetu. Jioni moja narudi kazini namkuta amesimama koridoni ameshika ukuta, anauliza nani hapo, nikasema ni mimi mama, akasema, "Aa. Nilidhani mgeni." Akarudi chumbani. Akaanza na kujigonga. Aliangusha chupa ya chai, yeye ambaye huwa anajimiminia mwenyewe na hamwagi tone. Bomba la jikoni lilikuwa linavuja nikahamishia ndoo mlangoni, akaipiga kwa muundi wa mguu, ukavimba. Nikamkanda kwa maji ya moto, kimya. Akasema, "Nisamehe, mwanangu, nimekuwa mzigo." Utani ulikuwa umenifika kwenye ncha ya ulimi, Mungu ni shahidi, nikaumeza, nikasema, "Si kitu, mama." Siku hizi hatoki hata kuja sebuleni, anakula akiwa chumbani kwake, na anakula kidogo.

Ndipo Jumapili wifi akanipigia simu. Akasema, "Wifi, mama anataka kuja kukaa kwangu. Nimemuuliza kuna nini, anasema hakuna kibaya, eti wewe ni mtoto mwema, ila umechoka na unaona aibu kusema, na yeye hataki kukungoja mpaka useme." Wifi anampenda mama yake, lakini anaishi ghorofa ya tatu, ngazi zenyewe hazina pa kushika, anatoka alfajiri kwenda kazini na kurudi jioni, mama atashinda ndani peke yake na mlango umefungwa kwa funguo. Nimemwambia wifi asije, akasema mama amesisitiza.

Jana nimerudi nikamkuta anakunja nguo kwa kupapasa, amemwomba mume wangu amshushie begi. Kilemba kimoja, kile cha maua makubwa ambacho nilikuwa nikikisema kuliko vyote, amekiweka pembeni kitini. Akasema, "Hicho nakuachia. Nilijua unakipenda." Nikaenda bafuni nikafungulia maji ili asinisikie.

Mume wangu anasema nimwambie mama ukweli yaishe. Nikamjibu kwamba nikimwambia nitakuwa nimevunja na nitakuwa nimejitangaza, akasema, "Basi mimi mambo ya watakatifu siyajui," akaenda zake kuchomelea.

Mshauri, Pasaka imekaribia, nimevumilia karibu yote, sasa nishindwe mlangoni? Nikivunja, si nitakuwa nimemdanganya Mungu, na jumuiya wataniona ni yule yule debe tupu? Nimewaza nimwache aende, kisha Pasaka ikifika nimfuate nimweleze na kumrudisha. Lakini naogopa hatarudi. Sijui kama ni shetani ananijaribu kupitia mama au ni Mungu ananiuliza kitu. Nampenda. Naomba unijibu.

Redio Iliyozimwa

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu Redio. Barua yako nimeipitisha mbele ya foleni. Wale wenye waume wanaokoroma watanisamehe, koromo halifungashi virago.

Nikupe pole kwanza, maana kuna mahali katika barua yako nilivua miwani nikaiweka mezani. Nadhani unajua ni wapi. Na pole hiyo ikishakuingia, kaa vizuri nikugombeze.

Unasema hukumwambia mama mkwe wako kwa sababu mfungo ni siri. Siri gani, mama? Mwenyekiti anajua. Jumuiya nzima inajua, na wamekupongeza na ukafurahi. Mumeo anajua. Wateja wako lazima walikuuliza kulikoni, na ukawaambia. Mimi najua, na kuanzia leo wasomaji wa ukurasa huu wanajua. Mtu mmoja tu ndiye hajui, naye analala chumba cha pili kutoka kwako. Hiyo si siri kati yako na Mungu. Umewaambia watu wote mlango gani umefunga, isipokuwa yule aliyebaki nje.

Sasa nataka uichukue barua yako, kama ulibaki na nakala, uisome kana kwamba imeandikwa na mtu mwingine. Umeeleza kelele zako kama makosa. Unaanzia getini kutangaza kwamba umefika. Unasema unamimina chai. Unatangaza stuli ikihama. Unasema ndoo iko hapa, unasema unapita. Mwanangu, hukuwa unapiga kelele. Ulikuwa unamwonyesha njia. Kwa mtu asiyeona, nyumba yenye mtu anayeongea ina taa. Anajua jiko liko wapi kwa sababu wewe uko jikoni, anajua mlango uko wazi kwa sababu sauti yako imeingia na upepo. Umemtania mama yule mpaka akajua kutembea nyumbani kwako bila fimbo, na hukujua kama ulikuwa unafanya kazi hiyo. Kisha ikaja Kwaresima ukamzimia taa, ukashangaa kwamba anajigonga.

Na si miguu yake tu iliyojigonga. Mimi na wewe tukinyamaziwa tunaangalia uso. Tunaona kwamba mtu amechoka tu, au anawaza, au ana jino linauma, au anatabasamu peke yake. Yeye uso wako hauoni. Kimya chako kwake hakina uso. Alichosikia ni sauti ya zile siku za shikamoo na marahaba, kabla hamjajuana, na akafikiri umerudi kule kwa hiari yako. Alipokuuliza nani hapo, hakuwa amesahau hatua zako. Alikuwa anamtafuta mtu wake.

Tuje kwenye Kwaresima yenyewe, maana umeniuliza kama ni shetani au ni Mungu, na mimi si padri, lakini hili linajibika hata na mtu aliyekaa benchi la nyuma kanisani.

Tunafunga kwa nini? Ninaacha kipande cha mkate ili kimfikie asiyekuwa nacho. Ninaacha tamaa yangu ili ndani yangu pawe na nafasi, Mungu aingie, na Mungu akiingia hakai peke yake, anaingia na jirani. Kama mkate umetoka mkononi mwangu na haukufika mkononi mwa mtu, hiyo si Kwaresima, huko ni kupunguza mwili. Na kuna kosa moja kubwa zaidi ya hilo, ambalo watu wema ndio hulifanya sana, nalo ni kufunga kwa kutumia tumbo la mwingine. Baba anafunga, watoto wanafokewa. Mama anakesha kanisani, mgonjwa nyumbani hana wa kumgeuza. Wewe umefunga maneno, na aliyeshinda njaa ni mama mkwe wako. Ulimpokonya mkate wake wa kila siku, ukausogeza mbele za Mungu ukasema tazama nilichotoa. Haukuwa wako kuutoa.

Usilie bado. Sisemi kwamba yote yamepotea. Yule mwalimu aliyekuambia habari za dada yake, hilo ni tunda la kweli, na hakuna wa kukunyang'anya. Ulikuwa na maneno yaliyowaziba watu wengine midomo, ukayaacha, mtu akapumua. Hayo endelea kuyaacha, hata baada ya Pasaka. Umbea wa saluni, wa nani kaachika na nani kanenepa, huo nao uache, usinifanye niueleze. Kosa lako ni la mtu aliyeingia shambani kung'oa magugu kwa hasira akang'oa na mahindi. Na hasira hiyo tunaijua ilikotoka. Mwenyekiti alikucheka. Wewe mwenyewe umeandika kilikuchoma. Hukusimama pale kumwahidi Mungu, ulisimama kuwaonyesha wale waliocheka. Wameshaona. Wamekupigia makofi. Malipo umepokea, sasa unaweza kuanza kufunga.

Unauliza kama ukivunja utakuwa umemdanganya Mungu. Hukuweka nadhiri madhabahuni. Uliahidi katikati ya kicheko, na masharti ukajitungia. Nenda kamwone padri wako umweleze yote, hatachukua muda mrefu kukujibu, na nina hakika hatakwambia umwache mama aende ghorofani kufungiwa mlango ili hesabu yako ya kimya itimie. Lakini kwa padri utaenda kesho. Leo una pa kwenda kwingine.

Na hilo wazo la kumwacha aende, kisha umfuate Pasaka na maelezo yako, litupe. Lina harufu ya mtu anayetaka kumaliza mashindano. Mama akishashushwa na begi lake mlangoni kwa binti yake, akishazoea ukuta mwingine kwa viganja vyake, hutamrudisha kwa hotuba. Mtu mzima akijiondoa kwa heshima harudi kwa kuombwa.

Sasa sikiliza vizuri. Ukimaliza kusoma haya, funga saluni. Mteja aliyeko kitini mmalizie, wengine waambie warudi kesho. Usipitie dukani kununua zawadi, hakuna msiba wala harusi. Mpigie wifi yako ukiwa njiani, mwambie ukweli wote kwa maneno machache, umwombe asikate shauri la kuja mpaka Ijumaa jioni; na mwambie pia kwamba una shukrani, maana alikuwa tayari kumchukua mama bila kukutukana, na mawifi wa namna hiyo hawaokotwi.

Ukifika nyumbani, usianze na maelezo. Ukiingia na uso wa toba na sauti ya chini, atadhani umekuja kumuaga. Anza pale mnapoanzia siku zote, kwa utani. Hata kama sauti inatetemeka, anza. Akishakusikia, kaa chini, karibu, umshike mkono, umweleze kila kitu tangu kicheko cha mwenyekiti: kwamba ulichomwa, ukaapa, ukajisikia mtakatifu, ukamsahau. Tumia neno hilo hilo, nilikusahau. Usiseme "nilifanya kwa ajili ya Mungu," maana ni kumtwika Mungu mzigo wako. Kisha omba msamaha, na unyamaze. Hapo ndipo kimya kina kazi. Mwache aseme yote, hata yatakayokuuma, hata akirudia, hata akilia. Usimbembeleze haraka ili wewe upate nafuu.

Na mwisho wa yote muulize anataka nini, na umaanishe. Yeye si begi la kubishania kati yako na wifi. Akisema bado anataka kwenda kwa binti yake kukaa kidogo, mpeleke wewe mwenyewe, umpitishe zile ngazi moja moja, na uwe unakwenda kila siku saluni ikifungwa mpaka achoke na sauti yako. Lakini sidhani kama atasema hivyo.

Sidhani, kwa sababu ya jambo moja ambalo limeniganda tangu nisome barua yako, na nililiweka mwisho makusudi. Wewe umeandika kurasa tatu kuhusu mfungo wako. Hebu tazama upande wa pili wa ukuta. Kuna mama asiyeona, ambaye amepata nyumba moja duniani anayoijua kwa vidole, na mtu mmoja anayemchekesha. Ameona, yeye asiyeona, kwamba mtu huyo amechoka. Hakukulalamikia. Hakukusema kwa mwanawe. Alipoulizwa na binti yake, alikusifia. Ameamua kuiacha nyumba hiyo, kitanda hicho, sauti hiyo, kila alichonacho, ili wewe upumzike, na akapanga aondoke kabla hujalazimika kumwambia, usije ukaona aibu. Wala hakumtangazia mtu. Humo ndani ya nyumba yenu, Redio, mwenye mfungo wa Kwaresima ni yeye.

Kamwambie asiutimize. Kamwambie kwamba hiyo sadaka huiwezi, kwamba ni kubwa kuliko wewe. Na wiki hii usiniandikie kunishukuru wala kuniuliza zaidi, usiandike chochote kwa mtu yeyote. Nenda nyumbani, ingia kwa fujo, uongee mpaka akwambie unyamaze.